AMCOS, mnunuzi, mfadhili au vikundi wenzenu? Kuchagua mbia wa biashara ya kijamii Mtwara na Lindi

Kikundi cha wabanguaji wa korosho kinapokaa kikao cha kutafuta mbia, iwe Newala, Masasi au Nachingwea, mazungumzo huanzia kwenye mashine. Nani atatupa mashine ya kukatia? Nani atatujengea banda? Oveni tutaipata kwa nani? Ni maswali ya haki, maana kubangua kwa mkono kunachosha na mafuta ya ganda yanaunguza vidole. Lakini ukiniuliza mimi, hapo sipo pa kuanzia. Mashine nzuri inaweza kulala chini ya turubai kuanzia Machi mpaka Septemba bila kuwa na ubovu wowote, kwa sababu moja tu: korosho ghafi imekwisha.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya biashara za kijamii za mikoa yetu miwili, yaani zile zinazouza bidhaa ili zijiendeshe zenyewe, lakini zikaanzishwa ili wabanguaji, wakulima wa mwani, vijana au kijiji kizima kipate nafuu. Tanzania haina sheria ya pekee inayozihusu. Nyingine zimesajiliwa kama vikundi kwenye halmashauri, nyingine ni kampuni zilizopitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nyingine ni vyama vya ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, na nyingine ni mashirika yasiyo ya kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002. Zote hufika mahali pamoja: nguvu zao zimefika mwisho, na ili zifikie watu wengi zaidi zinahitaji kushikana na mtu mwingine. Swali ni nani, na kwa mpangilio upi.

Nitatumia kipimo kimoja kuwalinganisha wabia. Taarifa nyingi za miradi huhesabu waliohudhuria mafunzo. Mimi naona tuhesabu siku za kazi yenye malipo anazopata mbanguaji kwa mwaka, na shilingi zinazobaki kwa mkulima katika kila kilo. Mbia anayeongeza hivyo viwili amekuza matokeo ya biashara yenu. Asiyeviongeza amewaongezea vikao.

Hesabu inayoamua mengine

Tuseme mko akina mama ishirini Kitangari, na mnataka kuuza kilo 100 za korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, kila mwezi, mwaka mzima. Kwa ubanguaji wa mkono, ukitoa maganda, zilizooza na zilizosagika, kilo tano za korosho ghafi huacha takribani kilo moja ya karanga. Kilo 1,200 za mwaka zinadai kilo 6,000 za ghafi, yaani magunia 75 ya kilo 80.

Magunia hayo hayapatikani moja moja kila mkihitaji. Korosho huanza kuingia maghalani Oktoba, minada inakwenda kwa wiki chache, na baada ya mwaka mpya sehemu kubwa ya mzigo imeshaondoka kuelekea India na Vietnam. Anayetaka kubangua mwezi wa Julai lazima awe ameishika korosho yake tangu Novemba. Mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, Oktoba 2024, ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, magunia 75 ni shilingi milioni 24, na zote zinatakiwa ndani ya kama miezi miwili. Bei ikishuka hadi 2,500 bado ni milioni 15. Kikundi chenye milioni mbili kwenye sanduku la vikoba, kwa bei ya 4,000, kinaweza kununua kilo 500. Hiyo ni kazi ya mwezi mmoja. Miezi kumi na mmoja iliyobaki akina mama wanarudi nyumbani, hata kama banda lina umeme, maji na mashine mpya.

Kwa hiyo, kwa wabanguaji, mbia wa kwanza ni yule anayeweza kuwashikia korosho au fedha ya korosho kwa mwaka mzima. Wengine wote wanafuata nyuma yake.

AMCOS: mlango wa korosho wenyewe

Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya kusini inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, chama kinaupeleka ghala kuu, na chama kikuu (MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao) kinaitisha mnada, siku hizi kupitia mfumo wa soko la bidhaa wa TMX. Kununua ghafi uani kwa mkulima ni kosa.

Jambo hili vikundi vingi hulichukulia kwa wepesi. Kusini tunamjua kangomba: anamkopesha mkulima fedha wakati nyumba haina kitu, kisha msimu ukifika anachukua korosho kwa bakuli, kwa bei ya kutupa. Kikundi chenye nia njema kikinunua kwa mlango wa nyuma, mbele ya sheria hakina tofauti na kangomba. Mbaya zaidi, kitakuwa kimemshusha bei mkulima yule yule ambaye kwenye katiba yake kiliandika kwamba kinamwinua.

AMCOS inaweza kuwafanyia nini ambacho wengine hawawezi? Inaweza kuweka pembeni korosho ya wanachama wake kwa ridhaa yao. Wanachama 100 wakikubali kutenga kilo 60 kila mmoja, hizo ni kilo 6,000, mahitaji yenu ya mwaka mzima. Kilo 60 ni chini ya gunia moja, na mkulima wa kawaida hatatetereka kwa kuzichelewesha. Mpango unaoeleweka kwa wote ni huu: mwanachama analipwa sehemu ya fedha msimu huo huo, iliyobaki analipwa kadiri karanga zinavyouzwa, na mwisho wa mwaka anapata nyongeza juu ya wastani wa bei ya mnada. Shauri kama hilo lipitishwe kwenye mkutano mkuu wa AMCOS. Makubaliano na mwenyekiti na katibu ofisini hayatoshi. Tena lifuate mwongozo wa mauzo, ambao Bodi ya Korosho huutoa kila msimu. Ofisi kuu ya Bodi iko Mtwara mjini. Nendeni kabla ya msimu, mkaulize mbanguaji mdogo anatakiwa kuwa na kibali gani mwaka huu, kwa kuwa utaratibu wa mwaka jana unaweza kuwa umebadilika.

Udhaifu wa mbia huyu nao usifichwe. Wanachama wa AMCOS ni wenye mikorosho, na wengi wao ni wanaume. Wanaobangua ni wanawake, wengi bila mikorosho kwa majina yao. Ubia ukiandikwa vibaya, nyongeza yote inakwenda kwa mwenye shamba na mbanguaji anabaki na ujira wa kilo. Hapo biashara imekua, lakini mlengwa wenu wa kwanza hakusogea. Dai lenu liwe mapema: ujira wa chini kwa kilo uandikwe, na wabanguaji wawe na watu wao kwenye kamati ya ubia.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Msimu wa 2018/19, serikali ilipoagiza korosho inunuliwe kwa shilingi 3,300 na jeshi likasimamia kazi hiyo, wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa muda mrefu. Mtu aliyepitia hayo akisikia maneno "utalipwa baadaye" anainuka kwenye kikao. Msimlaumu. Anzeni na kilo 20 kwa mwanachama, lipeni kwa tarehe mliyotaja, ndipo mwakani muombe 60.

Mnunuzi: anafungua soko, anafunga mikono

Mnunuzi mkubwa, wa Dar es Salaam au wa nje, analeta kitu cha thamani: uhakika kwamba kilo 100 za mwezi zina pa kwenda. Wengine hutoa malipo ya awali, na hapo anaanza kufanana na AMCOS kwa kuwa fedha yake inaweza kununua ghafi. Mnunuzi wa namna hiyo ni wa kumshika. Asiyetoa malipo ya awali inabidi kumpima kwa mambo matatu.

La kwanza ni siku za kulipa. Akisema atalipa siku 60 baada ya kupokea mzigo, maana yake ninyi ndio mnaomkopesha. Mbanguaji anahitaji ujira wake Jumamosi, na mtoto anarudi shuleni Januari. Kikundi kisicho na akiba ya ujira wa miezi miwili kitaishia kukopa kwa riba ili kimngoje mnunuzi.

La pili ni vipande. Mnunuzi anataka karanga nzima, nyeupe, za daraja la juu. Ubanguaji wa mkono huzaa vipande vingi, na vikikosa soko faida yote inaishia humo. Kabla ya kusaini, hakikisheni mkataba hauwazuii kuuza kwingine. Vipande vina wateja wengi kuliko watu wanavyofikiri: waoka keki na biskuti, wasaga siagi ya korosho, abiria kwenye stendi na pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, ambako basi haliwezi kusimama dakika mbili bila pakiti za korosho kufika dirishani. Mkataba unaosema "mazao yote ya kikundi yatauzwa kwa mnunuzi huyu tu" unaua soko hilo, na hilo ndilo soko linalolipa fedha taslimu.

La tatu ni jina. Karanga zikitoka Newala kwenye mfuko mweupe zikafungwa Dar es Salaam kwa nembo ya mwingine, mteja hatawajua kamwe. Kwa mwaka wa kwanza si vibaya. Ila ombeni hata mstari mmoja nyuma ya pakiti unaotaja kikundi na wilaya, kwa sababu mnunuzi wa pili atawatafuta kupitia mstari huo.

Na kutegemea mnunuzi mmoja aliye mbali kuna hatari ya barabara. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Mwenye mteja mmoja tu ng'ambo ya Rufiji alikaa na mzigo. Aliyekuwa na wateja Mtwara, Lindi na Masasi aliendelea kuuza.

Nikilazimika kuwaweka wawili hawa kwenye mizani, AMCOS inatangulia. Korosho iliyobanguliwa vizuri haikosi mtu wa kuinunua. Mnunuzi mkubwa aliyeahidiwa tani moja mkakosa ghafi ya kumjazia harudi tena.

Mfadhili: fedha nzuri, saa mbaya

Mashirika ya maendeleo yamefanya mengi kusini na sitaki kuyashusha hadhi. Shida yao kwa biashara ya korosho ni kalenda na aina ya fedha. Bajeti ya mradi hupitishwa kwa ratiba ya makao makuu, na haijui kwamba korosho inaanguka Oktoba. Fedha ikiingia Februari, ghafi imekwisha, na kwa kuwa lazima itumike kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, inanunua kile kinachonunulika Februari: mashine, semina, fulana na posho. Mafungu mengi pia hayaruhusu kununua malighafi, kwa hofu kwamba ni fedha ya "kuliwa".

Historia yetu ina funzo zito hapa. Serikali, kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vingi vya kubangua korosho katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo huo uzalishaji ulikuwa unaporomoka, kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua, na bei haikumpa mkulima hamu ya kupalilia. Viwanda vikasimama. Vingine vikawa maghala. Mitambo ilikuwepo, korosho haikuwepo. Kosa lile lile hufanyika leo kwa kipimo cha banda la kijiji.

Hata hivyo mfadhili anaweza kuwa mbia bora kuliko wote kama mtaweza kumgeuza. Badala ya kumwomba mashine ya milioni kumi, mwombeni aweke milioni hizo benki kama dhamana, ili benki iwakopeshe ninyi fedha ya ghafi Oktoba. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa dhamana unaofanya kazi kwa mantiki hiyo hiyo kupitia mabenki mengine. Pia stakabadhi ya ghala, kwa sheria ya mwaka 2005, ni hati inayoweza kuwekwa rehani benki. Afisa wa mradi anayeelewa mambo haya ni wa kumng'ang'ania. Asiyetaka kusikia chochote zaidi ya idadi ya waliofunzwa, mpokeeni kwa heshima, chukueni mafunzo yake, lakini msijenge biashara juu yake.

Kuna mfano wa Lindi unaoonyesha ubia wa shirika ukifanya kazi ambayo kijiji peke yake kisingeiweza. Kilwa kuna mpingo, mti unaotengenezewa klarineti na ala nyingine za kupuliza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Lakini soko la nje lililokuwa tayari kulipa vizuri lilitaka cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na gharama ya kukaguliwa ni kubwa kwa kijiji kimoja. Shirika la MCDI, lenye makao Kilwa, likashika cheti cha kundi kwa niaba ya vijiji. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikathibitishwa, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Vijiji vingine vikaungwa baadaye kwenye cheti hicho hicho bila kuanza upya.

Angalieni mgawanyo wenyewe. Msitu ulibaki wa kijiji, na mapato ya magogo yalikuwa ya kijiji. Shirika lilibeba kitu kimoja ambacho ni ghali na kigumu, yaani karatasi na ukaguzi. Huo ndio ubia wa kuuiga. Udhaifu wake ni kwamba karatasi iko kwa jina la mwingine. Kwa hiyo anayeingia ubia wa cheti cha kundi, kiwe cha FSC, cha kilimo hai au cha biashara ya haki, aulize mapema: shirika likifunga ofisi, cheti kinakwenda wapi?

Halmashauri, SIDO na Naliendele

Hawa si wabia wa kuchagua kati yao. Ni wa kutumiwa wote, kila mmoja kwa kazi yake. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mjue fomu za sasa. Ombeni mapema ili fedha iwakute na msimu. Mkopo ukiingia Machi una madhara yale yale ya fedha ya mfadhili, na huu mtaulipa.

SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mikoa yote miwili, na barua yao ya utambulisho ndiyo njia ya mjasiriamali mdogo kufika TBS, shirika la viwango. TARI Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndiyo taasisi ya utafiti wa korosho, na inafundisha pia kutengeneza juisi na jemu za mabibo, tunda ambalo wakulima wengi huliacha lioze chini ya mti. Kwa kikundi kinachotaka kuongeza siku za kazi bila kuongeza ghafi, mabibo ni njia halali na ya bei ndogo.

Vikundi wenzenu

Mbia anayesahaulika kuliko wote yuko kijiji cha pili, na mara nyingi anaonwa kama mshindani. Naomba mumtazame upya. Mnada wa korosho unauza mafungu ya tani nyingi kwa mkupuo. Kikundi cha tani sita hakina sauti pale. Vikundi kumi vya tani sita ni tani 60, na hapo mnaanza kuonekana na mnunuzi, benki, na hata Bodi. Mnaweza kuwa na mashine moja ya kufungashia badala ya kumi, mhasibu mmoja, alama moja ya TBS, na kujaza oda ambayo mmoja angeikataa.

Kuna njia mbili za kuungana. Mnaweza kuunda chama cha ushirika cha wabanguaji, ambako kila mwanachama ana kura moja, Tume ya Maendeleo ya Ushirika inasimamia, na mahesabu yanakaguliwa. Au mnaweza kuunda kampuni ambayo vikundi ndivyo wenye hisa: inaamua haraka, inasaini mikataba kwa urahisi, lakini kikundi chenye fedha nyingi kinaweza kununua hisa nyingi na kuwa bwana wa wengine. Kama vikundi vinalingana kwa nguvu, naona kampuni inafaa, mradi katiba yake iweke ukomo wa hisa kwa kila kikundi. Kama kimoja ni kikubwa na vingine ni vichanga, nendeni kwenye ushirika, hata kama ni mwepesi wa vikao na mzito wa maamuzi.

Ubia huu unavunjika kwa jambo moja: ubora. Kikundi kimoja kikichanganya karanga zenye unyevu, mzigo wote unarudishwa na kumi mnagawana hasara. Teueni mkaguzi mmoja asiye wa kikundi chochote, mumlipe kwa pamoja, na neno lake liwe la mwisho kabla mfuko haujafungwa.

Hivi ndivyo ninavyowaona wabia wanne wa korosho wakiwekwa ubavu kwa ubavu:

| Mbia | Anachoziba | Anachodai | Panapouma |
|---|---|---|---|
| AMCOS | Korosho ghafi ya mwaka mzima | Nyongeza ya bei kwa wanachama | Mbanguaji kusahaulika |
| Vikundi wenzenu | Wingi, sauti, gharama za pamoja | Nidhamu ya ubora | Mmoja kuwaangusha wote |
| Mnunuzi | Soko la uhakika | Uaminifu, pengine upekee | Malipo ya kuchelewa, vipande |
| Mfadhili | Dhamana, vyeti, ujuzi | Taarifa na ratiba yake | Fedha kuja nje ya msimu |

Mpangilio wa mistari hiyo ndio mpangilio ninaoushauri.

Kwa mwani, geuzeni

Mkulima wa mwani wa Kilwa au Mtwara Vijijini asiufuate mpangilio huo. Kwake malighafi si tatizo: mbegu anakata kwenye zao lililopita, maji ya bamvua yanamruhusu kuingia shambani, na baada ya siku kama 45 anavuna. Kinachombana ni bei na mnunuzi mmoja. Kampuni inayonunua inatoa kamba na tai-tai, vikamba vya kufungia mbegu, na kwa hiyo mwani wote unarudi kwake kwa bei atakayoitaja yeye. Mama aliyepewa kamba anajiona amesaidiwa, na kwa kiasi fulani amesaidiwa, lakini thamani ya kamba anailipa mara nyingi kupitia bei.

Hapa vikundi wenzenu wanapanda hadi nafasi ya kwanza. Mwani mbichi kilo saba au nane huacha kilo moja mkavu, kwa hiyo kijiji kimoja hukusanya mzigo mdogo, na hakuna gari la mnunuzi wa pili litakalokuja kwa gunia kumi. Vijiji vinne vikikausha kwenye chanja, mbali na mchanga, vikaweka kwenye ghala moja, wanunuzi wawili au watatu wanaweza kuitwa kushindana. Fedha ya kununua kamba zenu wenyewe ni ndogo kiasi kwamba mkopo wa halmashauri unaitosha, na hauna msimu wa kuukosa. Mfadhili naye anafaa zaidi huku kuliko kwenye korosho, hasa kwa utafiti wa mbegu, kwa sababu kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri, hufa maji yakipata joto na wakulima wamebaki na aina ya spinosumu yenye bei ndogo. Sabuni ya mwani ni nyongeza nzuri ya kipato, ila soko lake ni dogo. Isiwe sababu ya kuacha kupigania bei ya mwani mkavu.

Kabla ya kusaini

Ubia wa maneno unatosha kwa kubadilishana mafunzo. Fedha, ghafi au jina vikihusika, andikeni, kwa Kiswahili, na kila mwanakikundi asomewe kwa sauti kabla ya dole gumba kuwekwa. Mambo ninayoyatazama kwanza ni haya: nani mwenye mali iliyonunuliwa siku ubia unapokwisha, malipo ni siku ngapi, nani anabeba hasara mzigo ukiharibika, na mnatokaje. Mkataba usio na kifungu cha kutoka usisainiwe, hata mbia awe mtu wa heshima kiasi gani. Notisi ya miezi mitatu inatosha, mradi isiangukie kati ya Oktoba na Desemba.

Mkishamchagua AMCOS kama mbia wa kwanza, msingoje korosho zianze kuanguka. Juni na Julai watu wako kwenye kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na bodi ya chama bado ina nafasi ya kuwasikiliza. Nendeni na daftari la mauzo yenu ya mwaka uliopita, hata kama ni ya kilo 30 tu, pamoja na karanga mlizobangua wenyewe, zimepangwa kwa madaraja na vipande pembeni. Mwombeni mwenyekiti aliweke shauri la kilo 20 kwenye ajenda ya mkutano mkuu unaotangulia msimu, na mwombe dakika za kulieleza ninyi wenyewe mbele ya wanachama.